Waya wa Ng'ombe kwenye Mikono ya Watoto

Mpendwa Mshauri Jerop,

Naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, ninaandikia kwa goti hapa nje ya chumba chetu cha gemu nikingoja vijana wamalize, maana nikiandikia nyumbani mume wangu ataniuliza namwandikia nani. Majina nimebadilisha yote. Mji sikubadilisha, ni Bungoma, na watu wa Bungoma wakisoma watajua tu ni nani, lakini nimefika mahali sijali tena.

Mume wangu tumwite Absalom. Kabla hatujaoana alikuwa ameandikwa kwa shamba la ng'ombe wa maziwa huko kwenu Kitale, kazi yake ilikuwa kuangalia ule ua wa waya wenye umeme, ule ambao ng'ombe akigusa anaruka anarudi nyuma, na kesho yake hata ukizima umeme hausogelei. Shamba lilipouzwa mwenyewe alimpa mashine moja ya huo umeme kama asante. Ikakaa chini ya kitanda chetu tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe, mimi nikifagia naizunguka.

Mwaka juzi tulikodi chumba nyuma ya duka la Bwana Rajvinder, yule Singasinga wa mabati na misumari, tukaweka televisheni mbili na mashine za gemu, na vijana wakaja wengi, wa shule na wale wa boda boda wakingoja abiria. Absalom akawa anakaa mlangoni akiwatazama. Kijana anapigwa kwa televisheni mpaka damu inaruka, anaanguka, anakufa, halafu anacheka, anabonyeza kidude na kuamka tena. Hiyo kitu ilikuwa inamkera sana. Alikuwa ananiambia, "Hawa watoto wanauana kutwa nzima na hakuna mmoja anajua kuumia ni nini. Mtu akipigwa lazima asikie, Mama Khisa, asiposikia atakuja kuua mtu kweli." Na mimi nilikuwa nakubaliana naye, sitaki kukudanganya, hata niliona ni maneno ya mtu mwenye akili.

Sasa hiyo pad ambayo mchezaji anashika iko na kitu kidogo ndani kinachotetemeka kila ukipigwa kwa gemu. Absalom pia ni fundi wa redio. Akafungua pad, akaunganisha hicho kitu na ile mashine ya ng'ombe, akapunguza nguvu, akazungusha waya wa shaba pale vidole vinakaa. Kwa hivyo ukipigwa ngumi kwa televisheni, mkono wako unapigwa umeme. Siku ya kwanza vijana walirusha pad juu wakakimbia nje, tukacheka wote. Siku ya pili walirudi na wenzao.

Bwana Rajvinder alikuja kuangalia, akatikisa kichwa, akaniambia, "Mama Khisa, hii si mchezo tena. Mchezo kama iko uchungu, hiyo iko kiboko tu." Mimi nilimjibu kwamba siku hizi watoto wamepata adabu, hata maganda ya njugu hawaachi sakafuni. Nilimjibu nikijisikia mjanja.

Halafu ukaja huu mwaka, na wewe unajua huu ni mwaka wa tohara kwetu, mwezi wa nane vijana watapakwa matope mtoni alfajiri na kusimama mbele ya ukoo wote, na kisu kikipita hakuna kupepesa jicho. Wababa wa mtaa wakasikia habari ya waya. Wakaanza kuambiana, mpeleke wako kwa Absalom apimwe. Wanaleta vijana wao, wanasimama kando, na hakuna anayetazama televisheni, wanatazama uso wa mtoto. Hakuna anayeuliza nani ameshinda. Ukiachilia pad unaitwa msichana, na baba yako anatoka bila kuniaga. Chumba kikajaa kila siku, mshauri, na mimi ndiye nilikuwa mlangoni nikiwaingiza.

Lazima nikwambie jambo lingine ndipo uelewe. Mama mkwe wangu aliwahi kuniambia, kabla Khisa hajazaliwa, tukichambua mboga, kwamba Absalom mwaka wake alitikisika. Si sana, bega tu. Lakini watu waliona. Mpaka leo wazee wa rika lake wakinywa kidogo mmoja anatikisa bega, na wengine wanaangalia chini wakificha kicheko, na mume wangu anaaga mapema. Hajawahi kuniambia mwenyewe na mimi sijawahi kumuuliza.

Mtoto wetu wa kwanza, Khisa, ndiye anaingia mwaka huu. Khisa akawa bingwa wa waya. Anapigwa na anatazama mbele kama mtu anasoma bango lililo mbali. Baba yake alikuwa anaita watu kuja kumwona. Mimi nilifurahi, nilijua Agosti hatutaaibika.

Halafu mwezi jana nikikaanga mandazi Khisa alipita kuchukua maji, karai likainama, mafuta yakamwagikia mkono wake wa kushoto kutoka kiwiko mpaka chini. Mimi nilipiga nduru. Yeye hakupiga. Alisimama ananiangalia nikipiga nduru, halafu akaniuliza, "Mama, umeungua?"

Nilimpaka dawa, nikamfunga kitambaa, na tangu hapo nikimuuliza mkono anasema hakuna shida, lakini kitambaa kinanuka.

Sasa Jumapili iliyopita baada ya kanisa, chumba kilikuwa kimefungwa, nikaenda kuchukua beseni nililosahau huko, nikasikia televisheni inalia ndani. Mtoto wa dada yangu tunakaa naye, tumwite Wabwile, yuko darasa la tatu, mamake anafanya kazi ya tumbaku Malakisi. Nilimkuta kwa benchi, mikono yote miwili imefungwa kwa pad na ule mpira wa blada ya baiskeli ambao watu wa boda boda wanafungia mizigo. Khisa alikuwa na pad ya pili. Mtu wake wa gemu alikuwa anampiga mtu wa Wabwile, ambaye alikuwa amesimama tu, kwa sababu Wabwile hakuwa anabonyeza chochote. Mtoto alikuwa amejikojolea. Hakuwa analia, alikuwa ameuma kola ya shati lake la kanisa. Na Khisa alikuwa anamwambia kwa sauti ya upole, mshauri, upole kabisa kama anamsaidia hesabu, "Usilie, bana. Ukilia tunaanza tena. Ni gemu tu."

Nilimzaba Khisa kofi. Hakugeuza hata shingo. Nikamuuliza nani alikufunza kufunga mtu hivi, akaniangalia kama ninauliza kitu nakijua, akasema, "Si ni baba? Mimi alinifunga hivo hivo tangu Pasaka. Nilikuwa naachilia."

Nilikuwa sijui. Naapa nilikuwa sijui. Nilidhani mtoto wangu alizaliwa jasiri.

Kesho yake asubuhi kabla ya kufungua nilijaribu mwenyewe. Nilishika ile pad nikaacha mashine inipige. Inauma, lakini si sana, nilikuwa nimejitayarisha kwa zaidi. Kitu nilichoona ni kwamba ukishakaza meno na kusema moyoni sitaachilia, hakuna mtu mwingine anabaki duniani, hata angelia mtoto nje nisingemsikia.

Nilimwambia Absalom atoe waya. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniumiza. Alisema, "Ngoja Agosti ipite, Mama Khisa. Tukitoa saa hii kijana atalegea. Unataka waseme ati iko kwa damu yetu?" Nikafikiri nimwambie ndugu yangu Wanyonyi wa Sirisia, yeye ndiye mjomba, na kwa desturi yetu Khisa atamwendea na kengele za kumwalika, na yeye ndiye atamchinjia ng'ombe na kumvalisha nyama shingoni. Lakini nikimwambia anaweza kukataa kuchinja, ama aje apigane na Absalom, na mimi ni mwanamke, mambo ya kisu si yangu kuongea. Wabwile yuko sawa, anacheza na wenzake, ila hataki kukaa pahali pana televisheni. Dada yangu sijamwambia, nisimtie wasiwasi bure.

Nisaidie, mshauri. Je, Absalom alikosea kusema mchezo uwe na uchungu? Kwa sababu usipokuwa nao wanaua wakicheka, hiyo ni kweli, niliona kwa macho. Na nikitoa waya saa hii, halafu Khisa atikisike Agosti, si nitakuwa nimemharibia maisha yake mimi mamake?

Ni mimi,
Mama Khisa, Bungoma.

*

Mama Khisa,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi, na mara zote mbili nilikasirika. Nimekuonea huruma pia, lakini huruma nitakupa baadaye. Kwanza weka sufuria chini unisikilize.

Umeniuliza kuhusu Khisa. Umeniuliza kuhusu mumeo, kuhusu mjomba, kuhusu watu watasema nini. Kuhusu Wabwile hukuniuliza neno. Umeniambia tu kwamba "yuko sawa." Mtoto wa darasa la tatu aliyefungwa mikono kwa mpira wa mizigo, akajikojolea kwenye nguo za kanisa, na sasa hakai mahali penye televisheni, huyo hayuko sawa, na wewe unajua. Mamake alikukabidhi mtoto akaenda kupanga majani ya tumbaku, akiamini mtoto yuko kwa dadake. Kumficha ndiyo unaita kutomtia wasiwasi?

Na ulimpiga Khisa kofi. Mtoto amefunzwa miezi mizima asisikie kofi, nawe ukamletea jingine. Ulitaka lifanye kazi gani?

Sasa nijibu swali lako, kwa maana ni swali la kweli na wengi wanaoleta watoto kwenye hivyo vyumba wanapaswa kujiuliza. Mumeo aliona sawasawa. Watoto wanaua wakicheka, wanakufa wakicheka, na mzazi yeyote mwenye macho ana haki ya kushtuka. Lakini tazama alichofanya baada ya kuona. Shida yake ilikuwa yule anayepiga na hajui anachofanya. Waya akaufunga kwa anayepigwa. Anayepiga alibaki na mikono mikavu, anacheka kama zamani, na sasa akawa na mtu wa kweli wa kumuumiza. Kama ni huruma Absalom alitaka kufunza, waya ungefungwa upande wa pili. Lakini usimpe hilo wazo, tafadhali, nisije nikasikia amejaribu.

Bwana Rajvinder alikuambia, nawe ukamjibu habari ya maganda ya njugu. Mchezo ni mchezo kwa sababu unaweza kuuacha ukaenda kula. Khisa alipofungwa mikono, mchezo uliishia hapo, hata kama televisheni iliendelea kupiga muziki. Hapana, Mama Khisa, gemu isiwe na uchungu. Kijana anayeua kwenye televisheni akicheka, keti kando yake umwulize anacheka nini. Ni kazi ya kuchosha kuliko kufunga waya, najua.

Usijifiche nyuma ya tohara. Mimi pia natoka kwa watu wanaotahiri, ndugu zangu walisimama, na sijaja kukuambia muache desturi yenu. Lakini hebu fikiri kisu kinakuja na nini. Kinakuja siku moja. Mtoto anaimbiwa, mjomba amemchinjia, baba amesimama karibu, na kikishapita kuna watu kazi yao ni kumlisha, kumwosha, kumwuliza amelalaje. Anauguzwa mpaka apone. Mtoto wako alipigwa umeme tangu Pasaka kwenye chumba kilichofungwa, akamaliza, akatumwa kuteka maji. Nani alimuuguza? Msifananishe hivyo vitu viwili. Wazee waliomleta kijana apimwe kwa mashine ya ng'ombe walisahau walichofunzwa na baba zao, na siku watakayokuja kubisha mlangoni waambie Jerop wa Kitale ndiye aliyesema.

Kuhusu mumeo. Yule bwana amebeba bega lake lililotikisika muda mrefu, peke yake, na wewe umelala naye kitanda kimoja na kuzunguka hilo jambo kama ulivyoizunguka ile mashine ukifagia. Namhurumia. Lakini huruma yangu inakoma pale anapochukua aibu yake na kumfunga nayo mtoto. Mwambie unajua. Mwambie ulijua kabla, na bado ulikaa naye, na ulimzalia. Usimwambie ukiwa umekasirika. Kama hakuna mtu amewahi kumwambia hivyo, basi anangoja Khisa amfutie aibu hiyo, na Khisa hawezi.

Haya, fanya hivi. Leo, usingoje kesho na usiombe ruhusa, zima umeme kwenye ukuta, chukua koleo, kata waya wote wa shaba. Ile mashine mpelekee kaka yako Sirisia, ikazuie ng'ombe, ndiyo kazi yake. Absalom akiuliza, mwambie ni wewe. Chumba kitapungua watu. Kipungue.

Kaka yako mwambie yote ukiwa umesimama mbele yake, usimtume mtu. Unasema mambo ya kisu si yako kuongea. Sawa, basi ni ya mjomba, naye hawezi kuongea juu ya jambo asilolijua. Desturi yenu imempa yeye sauti mbele ya baba wa mtoto. Mpe nafasi aitumie. Akikasirika na akasirike, ana haki.

Halafu panda gari uende Malakisi na Wabwile, na Khisa awe pamoja nanyi. Mwambie dadako kila kitu, hata ile kola. Khisa aseme kwa mdomo wake alichofanya. Usimsaidie maneno. Dadako akitaka kumchukua mtoto wake, mfungie nguo zake vizuri na usilie mbele yake, maana siku hiyo si yako.

Lakini kabla ya safari hizo zote, mpeleke Khisa hospitalini. Umeandika kwamba kitambaa kinanuka, kisha ukaendelea na habari nyingine. Mama, kitambaa kikinuka hakuna barua ya kuandika, kuna kukimbia. Daktari akisema kidonda hakijapona kufikia Agosti, Khisa angoje mwaka mwingine wa tohara. Watu watasema. Waache waseme, midomo ni yao na mkono ni wa mwanao.

Umeniuliza, je, akitikisika? Sijui kama atatikisika. Wewe pia hujui. Akitikisika atakuwa mtoto aliyetikisika, kama baba yake, ambaye bado ana nyumba, mke na watoto. Hilo silo linaloninyima raha.

Nilikuwa muuguzi wa watoto kabla ya kuanza kujibu barua zenu. Wageni wakija wodini walisikitika kusikia watoto wanalia. Sisi hatukusikitika. Mtoto anayelia anakuonyesha pa kugusa. Yule aliyetufanya tuache chai na kukimbia ni yule aliyelala kimya na macho wazi, akituangalia kana kwamba sisi ndio wagonjwa. Khisa wako aliungua kwa mafuta akakuuliza kama umeungua wewe. Sijapata kusoma jambo lililonitisha hivyo katika barua zenu zote.

Kwa hiyo jioni, mkishatoka hospitali, keti naye. Mshike ule mkono mzima, umwulize kama ule ulioungua unauma. Atasema hapana. Kesho mwulize tena. Usimpe zawadi kwa kunyamaza, usimsifu, usiite mtu aje amwone. Mwulize kila siku bila kuchoka, hata kama Agosti itapita na watu wameshasahau. Na ile siku atakayokuambia, "Mama, unauma," basi wewe na baba yake mwacheni alie.

Jerop, Kitale.